Bastola ikikaa mwaka mzima na risasi ndani, ni nini kinachoharibika?

"Toa risasi kwenye magazini kila mwezi, springi isije ikachoka." "Jaza pungufu mbili, springi ipate kupumua." "Paka mafuta kila mahali, hata juu ya risasi." "Hizi bastola za siku hizi hazina neno, iache tu imekokiwa." Kaa na watu wanne wenye leseni ya silaha hapa Nairobi, waulize wanavyoitunza bastola ya kujilinda isiyotumika kwa miezi, na utaondoka na majibu matano. Kisha vyombo vya habari vikiripoti bastola ya raia iliyofyatuka nyumbani au ndani ya gari, mjadala unaanza upya na swali ni lile lile: si alisema ameitoa risasi?

Simshawishi mtu kumiliki silaha. Nchini Kenya bunduki ni ruhusa, na ruhusa hiyo ina mwisho. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila mmiliki awe na cheti, na cheti huhuishwa kila mwaka. Desemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye silaha wapigwe msasa upya. Wenye vyeti ni watu wa kila aina: mfanyabiashara wa Eastleigh anayetembea na pesa taslimu, wakili mwenye kesi nzito, mfugaji wa Laikipia mwenye nyumba Lang'ata. Wengi wao bastola hukaa kwenye kabati la chuma kuliko kiunoni, na mwaka unaweza kuisha bila kupigwa risasi hata moja.

Sasa, watu hawa wanaogopa springi, na springi ndiyo yenye makosa madogo zaidi. Vinavyoiharibu bastola iliyolala ni unyevu na mkono wa mwenyewe. Kinachomuua mtu nyumbani ni kutojua tofauti ya magazini na chemba. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Tuanze na vitu vyenyewe

Risasi moja, kama inavyotoka kwenye pakiti, ni vitu vinne vilivyoshikana. Kuna ganda la shaba ya manjano. Ndani ya ganda kuna baruti. Mdomo wa ganda umezibwa na kichwa, ile sehemu inayoruka na kwenda kupiga. Nyuma, katikati ya kitako cha ganda, kuna fataki, kidude kidogo chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Pini ya bastola hugonga fataki, fataki huwasha baruti, na gesi ya baruti inayowaka husukuma kichwa kutoka nje kupitia mtutu.

Magazini ni kile kijisanduku kinachoingia ndani ya mpini. Chini yake kuna springi inayozisukuma risasi juu, moja baada ya nyingine. Chemba ni chumba kidogo mwanzoni mwa mtutu ambamo risasi moja hukaa ikisubiri kugongwa. Slaidi ni chuma cha juu kinachorudi nyuma na kwenda mbele. Ukiivuta na kuiachia, inachota risasi ya juu kwenye magazini na kuiingiza chembani. Hiyo ndiyo kukoki.

Kwa hiyo mtu akisema bastola yake "ina risasi", anaweza kuwa anazungumzia hali mbili tofauti kabisa. Huenda magazini imejaa na imo ndani ya mpini, lakini chemba ni tupu: ukivuta kifyatuo hakitoki kitu mpaka ukoki kwanza. Au huenda tayari kuna risasi chembani, na hapo kinachohitajika ni kidole tu.

Na hapa ndipo watu wanapofia. Kutoa magazini hakuitoi risasi iliyomo chembani. Mpini unabaki mwepesi, shimo la magazini liko wazi, jicho linaona silaha tupu, na ndani ya mtutu imebaki moja. Kuna bastola zilizotengenezwa zisifyatuke magazini ikiwa nje, lakini nyingi hazina kizuizi hicho, na bastola za Glock hazina.

Siku moja kwenye uwanja wa shabaha nje kidogo ya jiji nilimwona mkufunzi akimpokea mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara.

"Mama, kabla hatujaanza, nionyeshe chemba."

"Mwalimu, magazini nimeshaitoa. Hii hapa."

"Nimeiona, Mama. Nionyeshe chemba."

Akavuta slaidi, na risasi moja ikaruka, ikagonga meza, ikabingirika hadi ukingoni. Hakuna aliyecheka. Mkufunzi aliiokota, akaiweka mbele yake, akamwambia aanze tena tangu mwanzo, polepole.

Mpangilio ni huu, na haubadiliki. Elekeza mtutu mahali salama, kidole kikiwa nje ya kifyatuo. Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi nyuma, risasi ya chembani itoke. Izuie slaidi ikiwa nyuma, tazama ndani ya chemba, halafu ingiza ncha ya kidole kidogo uguse, kwa sababu macho ya usiku hudanganya. Ukigeuza mpangilio, ukavuta slaidi kabla ya kutoa magazini, umetoa risasi moja na umeingiza nyingine papo hapo. Ukitoa magazini baada ya hapo, umejitengenezea mtego mwenyewe.

Wanaopigwa na bastola "wakiisafisha" mara nyingi wamepitia mlango huu. Kufungua Glock ili uisafishe kunakulazimu kuvuta kifyatuo kwanza, ndivyo ilivyoundwa. Asiyeikagua chemba, hatua ya kwanza ya usafi inakuwa mlio.

Je, springi huchoka?

Chukua waya wa kutundikia nguo, ule mwembamba wa dobi. Upinde kidogo tu na uuachie: unarudi ulivyokuwa. Upinde hadi mwisho: unabaki umepinda. Sasa upinde huku na huku mahali pamoja, tena na tena: unapata joto, unalegea, unakatika. Sasa umeona karibu yote yanayohusu springi ya magazini.

Chuma cha springi kina mpaka. Ndani ya mpaka huo, kikibanwa kinarudi, hata kikikaa kimebanwa muda mrefu. Mwingereza Robert Hooke aliandika mwaka 1678 kwamba springi huvutika kwa kadiri ya nguvu inayoivuta, na wahandisi hadi leo huanzia hapo. Magazini iliyotengenezwa vizuri imepimwa ili ikijaa kabisa, springi ibaki ndani ya mpaka wake. Kulegea kidogo kupo, hasa siku za mwanzo springi ikiwa mpya, kisha hali hutulia. Kinachoimaliza springi ni mwendo: kubanwa na kuachiwa maelfu ya mara.

Ndiyo maana ule ushauri wa kutoa risasi zote kila mwezi "ili springi ipumzike" unafanya kinyume cha kinachokusudiwa. Springi haipumziki, inaongezewa safari. Na kila safari mkono wako umegusa silaha yenye risasi mara moja zaidi ya ilivyohitajika.

Springi nyingine za ndani zinafuata kanuni ile ile. Glock iliyokokiwa huwa na springi ya pini iliyobanwa nusu, na kifyatuo ndicho kinachomalizia. CZ 75, katika familia ya zile ambazo magazeti yetu huziita Ceska, ina nyundo kwa nje, kile kichuma kinachoigonga pini, na nyundo ikiwa imelala springi yake imepumzika. Watengenezaji wanapotaja muda wa kubadilisha springi ya slaidi, kwa kawaida huhesabu kwa maelfu ya risasi zilizopigwa. Bastola inayopigwa risasi hamsini kwa mwaka haitafika huko upesi.

Je, ule ushauri wa kujaza pungufu moja au mbili ni upuuzi mtupu? Hapana, ila sababu yake inasimuliwa vibaya. Magazini ikijaa hadi juu na slaidi ikiwa imefungwa mbele, risasi ya juu hubanana na tumbo la slaidi. Magazini mpya inaweza kukataa kuingia mpaka mwisho, na usiposikia ule mlio wa kujifunga, siku ya siku inadondoka miguuni. Kwa magazini kama hiyo, inayobeba 15 au 17, kupunguza moja kuna maana. Askari wa Marekani katika vita vya Vietnam walizoea kuweka risasi 18 katika magazini ya 20 ya bunduki ya M16, na simulizi za namna hiyo zimevuka bahari na kutufikia zikiwa zimepoteza mazingira yake.

Springi iliyokwisha kweli hujionyesha uwanjani. Baada ya risasi ya mwisho slaidi inashindwa kubaki nyuma, au risasi inayofuata inainamisha pua na kukwama mlangoni mwa chemba. Hapo nunua springi mpya. Magazini za bei rahisi zisizo na jina, na zile za kuongezewa urefu zibebe nyingi kuliko kawaida, huchoka mapema. Hizo mimi nisingeziamini hata zikiwa mpya.

Risasi zenyewe huzeeka vipi

Baruti ya kisasa, ile isiyo na moshi mwingi, ilibuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, na msingi wake ni nitroselulosi. Kemikali hiyo huvunjika taratibu yenyewe kwa yenyewe na kutoa gesi zenye asidi, nazo huharakisha kuvunjika. Watengenezaji huchanganya kiungo cha kuinyonya asidi hiyo. Kiungo kikidumu, baruti inadumu. Adui mkuu ni joto, kwa kuwa kila nyuzijoto zinavyopanda ndivyo uvunjikaji unavyokimbia.

Kwa hili Nairobi imebarikiwa. Jiji liko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Risasi za kiwandani zikikaa ndani ya nyumba ya Kileleshwa au South C, pakavu, zitadumu miongo. Namba iliyopigwa chapa kwenye pakiti si tarehe ya kuharibika kama ya maziwa. Ni namba ya shehena, ili kiwanda kiweze kufuatilia kasoro ikitokea.

Gari ni habari nyingine. Ndani ya gari lililofungwa vioo, limeegeshwa juani tangu asubuhi, joto linaweza kupita nyuzi 50, kisha usiku linashuka. Risasi zinazoishi kwenye kisanduku cha dashibodi zinapikwa na kupozwa kila siku. Na hilo ni kabla hatujafika kwa mwizi wa magari, ambaye hajali hali ya baruti yako. Gari si kabati la silaha.

Hata hivyo tatizo la risasi ninaloliona likipuuzwa zaidi halihusiani na umri. Linahusu tabia ambayo watu huiona kuwa ya usalama. Mtu anatoka kazini, anaitoa bastola kiunoni, anaitoa risasi ya chembani, anairudisha juu ya magazini. Asubuhi anakoki. Ni risasi ile ile. Jioni anaitoa, asubuhi anairudisha, miezi nenda miezi rudi.

Kila ikikokiwa, pua ya risasi hiyo hugongwa kwenye njia ya kuingilia chembani. Kichwa kimeshikwa na mdomo wa ganda kwa kubanwa tu, hakikugundishwa kwa gundi. Kikigongwa mara nyingi, kinazama ndani ya ganda kidogo kidogo. Isimamishe risasi hiyo mezani kando ya mpya ya pakiti ile ile, shusha jicho liwe sawa na meza, na utaiona fupi, pengine kwa unene wa kucha. Mdomo wa ganda utakuwa na mchubuko, na ukingo wa nyuma umechanika vijialama pale mkono wa slaidi unapoinyakua.

Unene wa kucha una shida gani? Risasi ya milimita 9 haipaswi kuzidi milimita 29.69 kwa urefu, na nafasi inayobaki nyuma ya kichwa, ambamo baruti huwakia, ni ndogo mno. Ukiipunguza hata kidogo, gesi ile ile inajikuta katika chumba kilichobana, na shinikizo linaruka. Kiwango cha juu cha kawaida cha risasi hii Marekani ni pauni 35,000 kwa inchi mraba. Kichwa kikizama vya kutosha, ganda linaweza kupasuka na gesi ikatokea pasipo njia, karibu na mkono wako.

Dawa yake ni rahisi. Risasi iliyotolewa chembani iende chini kabisa ya magazini, na nyingine ichukue zamu. Itie nukta ya kalamu ya wino usiofutika kwenye ganda kila inapotoka chembani. Ikifikisha nukta mbili au tatu, itenge. Ukiona imefupika, isipigwe kabisa. Bora zaidi ni kupunguza mchezo wote wa kutoa na kuingiza, na hilo nitalirudia hapo chini kwenye kabati.

Kutu, mafuta na ngozi

Kutu inahitaji chuma, maji na hewa, na Nairobi inavyo vyote vitatu tangu Machi hadi Mei, kisha tena Oktoba hadi Desemba. Lakini maji yanayokula bastola mara nyingi hayatoki kwa mvua. Yanatoka kwa ngozi ya mtu. Jasho lina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Mtu anaichukua bastola, anaipapasa kidogo kumwonyesha mwenzake, anairudisha. Baada ya wiki kadhaa unaikuta alama ya dole gumba ubavuni mwa slaidi, rangi ya chai ya rangi, na mistari ya kidole inasomeka kama kwenye fomu ya kitambulisho.

Slaidi za kisasa hutibiwa kiwandani zisishike kutu kirahisi, na fremu ya plastiki haina habari nayo. Usilewe sifa hizo. Ndani kuna springi, pini na vijichuma vidogo visivyo na kinga ya kiwango hicho. Bastola kuukuu zilizopakwa ule weusi wa kusugua ndizo huumia mapema zaidi. Na ukishuka Pwani nayo Desemba, ukae Nyali wiki mbili, hewa ya chumvi imeshaingia ndani. Ukirudi ifungue, isafishe, ipake mafuta kabla ya kuifungia.

Mafuta kiasi gani? Kidogo kuliko unavyofikiri. Tone dogo pale chuma kinaposugua chuma, na utando mwembamba kwa nje unaopakwa kwa kitambaa, kisha ukapanguswa. Mafuta mengi hutiririka kufuata mwinamo wa bastola ilivyolazwa. Huingia kwenye mfereji wa pini, hushika vumbi, hugeuka utelezi mzito, na pini ikija kugonga inagonga kama iliyo ndani ya uji. Glock wenyewe husema mfereji wa pini ubaki mkavu. Yakifika chembani, mafuta yanaweza kupenya kwenye fataki na kuizima. Kwa hiyo ule ushauri wa kupaka risasi mafuta utupe. Risasi hufutwa kwa kitambaa kikavu, basi.

Kuhusu ile kopo ya buluu na njano ya WD-40 iliyo kwenye kila gereji: ilitengenezwa mwaka 1953 ili kufukuza maji, na kazi hiyo inaiweza. Bastola iliyonyeshewa itafaidika nayo kwa siku hiyo. Lakini inaacha utando mwepesi usiodumu, na sifa yake ya kupenya kila upenyo ndiyo usiyoitaka karibu na fataki. Mafuta ya kupikia hata tusiyajadili. Yakikaa huganda na kunata.

Kisha ala ya ngozi. Ni nzuri kiunoni, mbaya kabatini. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia, na huenda ina mabaki ya chumvi na asidi za kiwanda cha ngozi. Bastola ikilala humo miezi mitatu, chuma kinaota kutu mahali ngozi inapogusa. Risasi zilizo kwenye mkanda wa ngozi huota ukungu wa kijani kwenye maganda, mgumu unaokwaruza chemba. Zitoe. Sifongo ya ndani ya masanduku ya kubebea ni ndugu ya ngozi kwa tabia hii.

Weka kabati mbali na ukuta wa nje na lisikae moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji. Tia ndani vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, lakini kumbuka vinajaa maji na kuacha kufanya kazi. Vile vinavyobadilika rangi ni bora kwa sababu vinakwambia vimejaa, na vingi vinaweza kukaushwa kwenye ovena na kurudishwa.

Kabatini iwe katika hali gani?

Hili ndilo swali ambalo watu hulijibu kwa ushabiki. Mimi nalijibu kwa kuuliza bastola inasubiri nini.

Ikiwa inasubiri usiku wa leo, yaani uko nyumbani na unaiona ndiyo kinga yako, kabati dogo linalofunguka kwa namba au alama ya kidole, lililofungwa kwa bolti ukutani, linatosha. Ndani yake, magazini imejaa, chemba ni tupu. Sekunde moja ya kukoki utakayoihitaji ni bei ndogo kwa nyumba yenye watoto, wageni, na wewe mwenyewe uliyekurupuka usingizini. Wapo wakufunzi watakaonipinga, nao wana hoja zao kuhusu mtu aliyezoezwa vizuri. Wengi wetu hatukuzoezwa vizuri. Na kama bastola ni ya kizamani, kwa mfano Tokarev TT-33 ya asili ambayo haina kizuizi cha usalama cha mkono, isikae na risasi chembani hata kwa mwenye ujuzi. Ikianguka inaweza kujifyatua.

Ikiwa inasubiri miezi, unasafiri au huna haja nayo kwa sasa, sioni sababu ya kuiacha na risasi hata kidogo. Springi ingevumilia. Baruti ingevumilia. Lakini silaha ambayo hakuna mwenye ruhusa ya kuitumia aliye karibu nayo hailindi mtu, inamsubiri tu atakayeivunjia kabati. Ikague, isafishe, ipake, ifungie tupu, na risasi zikae penye kufuli jingine. Usimwachie shemeji funguo "akuangalizie". Sheria inamtaka kila anayeshika silaha awe na cheti, naye hana. Inakutaka pia wewe uitunze mahali salama muda wote, kwa hiyo ukiibiwa kwa uzembe, kesi inaanzia kwako. Safari ikiwa ndefu, uliza polisi au muuzaji wa silaha mwenye leseni kama unaweza kuikabidhi kwa maandishi hadi urudi.

Kuna hali nyingine ambayo haizungumzwi sana kwenye mikutano ya wenye bunduki. Nyumba ikiwa na mtu aliyezama kwenye msongo wa mawazo, awe kijana wa chuo au wewe mwenyewe baada ya kufiwa au kufilisika, bastola itoke nyumbani kwa muda. Mambo mengine yote katika makala hii yangoje.

Ukirudi kwake baada ya muda mrefu

Anza na mpangilio ule: mtutu mahali salama, magazini, slaidi, macho, kidole. Kisha futa mafuta ya ndani ya mtutu kwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga. Zitazame risasi moja moja mchana penye mwanga. Yenye ukungu wa kijani, yenye kichwa kinachochezacheza, iliyofupika au iliyolowa mafuta, itenge. Za kutupa haziendi kwenye pipa la taka wala kwenye moto wa majani. Zirudishe kwa polisi au kwa muuzaji, na uandikiwe, kwa kuwa cheti chako kina idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo na siku ya kukihuisha utataka hesabu ikae sawa.

Nzima zilizokaa mwaka au miwili zipeleke uwanjani, mathalani ule wa Kirigiti kule Kiambu, uzipige mazoezini na kujaza mpya kwa ajili ya kabati. Kwa njia hiyo unapima springi, risasi na mkono wako kwa pamoja. Ukivuta kifyatuo na usisikie mlio, usiigeuze bastola kuitazama. Ishikilie ikielekea shabaha kwa angalau sekunde 30, kwa maana fataki mbovu inaweza kuwasha baruti kwa kuchelewa. Na ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, kama wa kizibo, acha kupiga papo hapo hata kama slaidi imerudi vizuri: huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata itakikuta humo. Toa magazini, toa ya chembani, mwite mkufunzi, na mtutu ukaguliwe kabla ya chochote kingine.